Fumbo Mbele ya Mtoto

Tarehe 20 Novemba 2008, katika skuli kadhaa za Kanada, watoto wenye nywele nyekundu walipigwa mateke na wenzao. Hawakuwa wamegombana na mtu. Kikundi kimoja katika mtandao wa Facebook kilikuwa kimeitangaza siku hiyo kuwa ni siku ya kumpiga teke kila mwenye nywele za rangi hiyo, na waliojiunga nacho walifika maelfu. Polisi walipoifuatilia habari hiyo, waliambiwa kwamba aliyekianzisha ni kijana wa miaka 14. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa Novemba, mtoto wa miaka 12 alishambuliwa kwa namna hiyo hiyo katika mji wa Calabasas, California. Kote kuwili chanzo kilichotajwa kilikuwa kimoja: sehemu ya katuni ya Kimarekani iitwayo South Park.

Sehemu yenyewe ilionyeshwa mwaka 2005. Ndani yake Eric Cartman, mtoto mnene, mjanja na mwingi wa chuki, anasimama mbele ya darasa na kuhubiri kwamba watu wenye nywele nyekundu na vidoadoa usoni wana maradhi, na kwamba hawana roho. Wenzake wanachoshwa na maneno yake. Usiku wanaingia chumbani mwake kwa siri, wanampaka rangi nywele na uso, na asubuhi Cartman anaamka akiwa mmoja wa wale aliowatukana. Badala ya kujuta, anageuza kibao: anawakusanya wenye nywele nyekundu, anawaambia kwamba wao ndio bora kuliko viumbe wengine wote, na anapanga kuwaangamiza waliobaki. Anaponong'onezwa kwamba alipakwa rangi tu, papo hapo anaanza kuimba amani na mapenzi baina ya watu wa kila namna, kwa kuwa sasa zamu ya kufa imemfikia yeye.

Kwa mtu mzima, hadithi hii haina utata. Mhubiri wa chuki hana imani yoyote isipokuwa ngozi yake mwenyewe. Ikibadilika ngozi, hubadilika na mahubiri. Ni tashtiti kali juu ya ubaguzi, na mpigo wake wa mwisho umepimwa sawasawa. Tena hakuna popote ndani yake siku iliyotangazwa ya kupiga watu mateke. Siku hiyo waliibuni watoto. Swali basi ni hili: vipi kazi iliyotungwa ili kuicheka chuki ikazaa mateke?

Mjadala juu ya katuni chafu na watoto mara nyingi haufiki kwenye swali hilo, kwa sababu huanza na kumalizikia kwenye matusi. Wazazi huhesabu maneno machafu, watetezi wa sanaa huhesabu tuzo, na kila upande huondoka na hesabu yake. Ili kuliona jambo lenyewe, ni lazima kwanza kuuliza kwa nini mchoro unaocheza unamhusu mtoto kwa vyovyote vile.

Dhana kwamba katuni ni mali ya watoto ni changa. Katika zama za mwanzo za sinema za Marekani, vibonzo vilionyeshwa kabla ya filamu kubwa, mbele ya ukumbi uliochanganya baba, mama na watoto. Betty Boop, aliyezaliwa katika studio ya Fleischer mwaka 1930, alikuwa mwanamke wa gauni fupi na macho ya kurembua, na hakuchorwa kwa ajili ya watoto. Kanuni za maadili ya sinema zilipoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1934, gauni lake lilirefushwa. Mwaka 1960 The Flintstones ilianza kuonyeshwa usiku, saa ambazo familia nzima hukaa mbele ya televisheni, na mmoja wa wafadhili wake wa mwanzo alikuwa kampuni ya sigara za Winston. Fred na jirani yake Barney walionekana katika matangazo wakivuta sigara hizo na kuzisifu. Mwaka 1972 Ralph Bakshi alitoa Fritz the Cat, filamu ya kwanza ya vibonzo nchini Marekani kupewa alama ya X, yaani ya watu wazima peke yao. Kilichozifungamanisha katuni na utoto ni desturi ya vituo vya televisheni, iliyokolea katika miaka ya 1960, ya kuzipanga asubuhi ya Jumamosi, wakati watoto wako nyumbani na watu wazima bado wamelala.

Desturi hiyo iliacha alama isiyofutika kirahisi. Mchoro wa rangi angavu, wenye macho makubwa na mwili laini, humwita mtoto kabla hajajua kinachosemwa. Mwaka 1989 The Simpsons iliporejesha katuni katika saa za usiku, mvutano ulianza mara moja: mwaka 1990 baadhi ya skuli za Marekani zilipiga marufuku fulana zenye picha ya Bart, na mwaka 1992 Rais George Bush mkubwa alisema hadharani kwamba familia za nchi yake zinapaswa kufanana zaidi na familia ya akina Walton, wa mchezo wa kijijini wa enzi za dhiki, na kidogo na ya akina Simpson. Mwaka 1993 ikaja Beavis and Butt-Head ya Mike Judge, vijana wawili wapumbavu wanaochekea kila kitu, moto ukiwa mojawapo. Oktoba ya mwaka huo mtoto wa miaka 5 katika jimbo la Ohio aliwasha moto nyumbani kwao, na dada yake wa miaka 2 akafa. Mama yao alikilaumu kipindi. Lawama hiyo ilibishaniwa na haijapata kuthibitika. Hata hivyo kituo cha MTV kilikisogeza kipindi hadi saa za usiku zaidi na kuyafuta mazungumzo yote ya moto.

South Park iliukuta mvutano huo tayari umeshika moto, na ikaamua kukaa katikati yake. Trey Parker na Matt Stone waliianzisha katika kituo cha Comedy Central tarehe 13 Agosti 1997. Sehemu ya kwanza ilitengenezwa kwa karatasi za rangi zilizokatwa kwa mkono na kusogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Baadaye kompyuta ilichukua kazi hiyo, lakini sura ya karatasi ikabaki kwa makusudi. Mashujaa wake ni watoto wanne wa miaka minane wanaosubiri basi la skuli kwenye theluji, na wao ndio wanaotukana. Kila kitu machoni kinasema "mtoto," na kila kitu masikioni kinasema "mtu mzima." Mgongano huo ndio injini ya kichekesho chao, nao ndio unaoifanya kazi hiyo impite mtoto mlangoni na kumvuta mkono kwa wakati mmoja.

Wenyewe hawakujificha. Kipindi kilipewa alama ya TV-MA, iliyo ya juu kabisa katika utaratibu wa alama ulioanza Marekani mwaka huo huo wa 1997, na ambayo maana yake ni kwamba huenda hakifai kwa walio chini ya miaka 17. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilikuwa tayari imeamuru kifaa cha kuzuia vipindi kulingana na alama kitiwe ndani ya televisheni, na kufikia mwaka 2000 kila televisheni mpya ya inchi 13 au zaidi ilipaswa kuwa nacho. Juu ya hayo, kila sehemu ya South Park hufunguliwa kwa tangazo lisemalo kwamba, kwa namna kilivyo, kipindi hiki hakipaswi kutazamwa na mtu yeyote. Tangazo hilo ni mzaha, na mtu mzima hulielewa kuwa ni mzaha. Mtoto wa miaka kumi hulielewa kuwa ni mwaliko.

Tofauti hiyo ndogo ya kusikia ndiyo kiini cha suala zima. Ila kabla ya kuifuata, matusi yenyewe yapewe haki yao.

Si kweli kwamba utamaduni wenye heshima hauna matusi. Unayo, ila huyawekea mahali na wakati. Pwani hii inalijua hilo vyema kuliko nyingi. Katika unyago, sanaa ambayo Bi Kidude aliitumikia hadi uzeeni kabla ya kufariki mwaka 2013, mambo ya mwili husemwa waziwazi kabisa, kwa ngoma na kwa nyimbo, tena na watu wazima wanaoheshimika. Lakini husemwa mbele ya mwari aliyevunja ungo, pamoja na somo wake, mlango ukiwa umefungwa. Katika vugo la harusi wanawake huimbiana yale ambayo wasingeyatamka barazani. Neno lile lile likitoka nje ya mlango huwa tusi, na likibaki ndani huwa elimu. Jamii hizo hazikuwahi kujidanganya kwamba neno ni safi au chafu kwa asili yake. Ziliuliza: nani anasema, nani anasikia, na nani yuko pale wa kumweleza?

Kwa kipimo hicho, hesabu ya maneno machafu ya South Park haitoshi kuihukumu. Mtoto wa mjini, awe wa Denver au wa Darajani, huyasikia maneno hayo njiani kabla ya kuyasikia kwenye skrini. Akiyarudia mezani atakemewa, na ataacha au atajifunza kuyaficha. Madhara hayo yapo, lakini ni madogo, tena yanaonekana. Mzazi hujua kwamba mtoto amesikia tusi kwa sababu mtoto hulitamka. Linalotisha zaidi ni lile ambalo mtoto hulipokea pasi na yeyote kujua kwamba amelipokea.

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wana istilahi ya jambo hilo: fumbo. Fumbo ni kauli yenye ganda na kiini. Ganda humfikia kila mwenye masikio. Kiini humfikia mwenye ufunguo. Methali husema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini methali hiyo imewataja watu wawili tu, nao wote ni watu wazima. Haikumtaja mtoto. Mjinga hushindwa kulifumbua fumbo na aghalabu hubaki na shaka kwamba pana jambo limempita. Mtoto hana hata shaka hiyo. Hajui kwamba amefumbiwa. Hulichukua ganda akiamini kwamba ndilo tunda lote, akalitafuna, akaenda zake.

Sasa itazamwe upya sehemu ya nywele nyekundu. Kiini chake ni kwamba chuki ni uoga uliovaa nguo ya imani. Ili kukifikia kiini hicho mtazamaji anahitaji kujua mambo kadhaa: kwamba hotuba ya Cartman darasani ni mwigo wa hotuba halisi zilizowahi kuangamiza watu halisi, kwamba utulivu wa sauti yake, unaofanana na wa mtaalamu anayetoa mada, ni sehemu ya kejeli, kwamba kugeuka kwake mwishoni si wongofu bali ni aibu. Mtu asiyeyajua hayo anaona nini? Anaona mtoto hodari wa maneno, anayechekesha kuliko wenzake wote, akisema kwamba wenye nywele nyekundu hawana roho. Anaona darasa likimsikiliza. Na hata adhabu yake mwishoni haiwi adhabu, kwani Cartman anaimba, wote wanaimba naye, na wiki ijayo yuko pale pale. Ganda la hadithi hiyo ni orodha ya maneno ya kumwambia mwenzako mwenye nywele nyekundu. Watoto wa mwaka 2008 walilichukua ganda hilo kwa uaminifu mkubwa.

Si watoto peke yao waliowahi kukwama kwenye ganda, na jambo hilo lilionekana kabla ya vibonzo hivi kuzaliwa. Mwaka 1971 mtunzi Norman Lear alianzisha kwenye televisheni ya Marekani All in the Family, mchezo wa kuchekesha wa waigizaji halisi, ambao shujaa wake, Archie Bunker, ni mzee mbaguzi anayebishana na mkwewe mwenye fikra za usawa. Lear alikusudia Archie achekwe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti uliowahoji vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada, wakaona kwamba watazamaji waliokuwa na chuki nyingi za ubaguzi walielekea zaidi kumhusudu Archie na kumwona kuwa ndiye mwenye hoja. Tashtiti iliyokusudiwa kuwaponya iliwathibitishia maradhi yao. Ikiwa mtu aliyekwisha kukomaa huweza kuusikia mzaha kinyumenyume kwa sababu ya yale aliyonayo moyoni, yule ambaye moyo wake ndio kwanza unaandikwa atausikia vipi?

Utetezi wa South Park umeshaandikwa, tena na wenyewe, na ni utetezi wenye akili. Haukuchelewa kuja: uko ndani ya msimu wa kwanza kabisa. Katika sehemu moja ya mwaka 1997, watoto wa mji huo wanapenda kutazama vichekesho vya Wakanada wawili, Terrance na Phillip, ambao kazi yao ni kutoa mashuzi na kucheka. Mama wa Kyle anawakusanya wazazi, nao wanafunga safari kwenda kuandamana mbele ya kituo cha televisheni. Siku hizo hizo babu wa Stan amechoka na uhai na anamtaka mjukuu wake amsaidie kufa. Stan anakwenda kwa mtu mzima mmoja baada ya mwingine akiuliza kama ni halali kumsaidia mtu kufa. Hakuna anayetaka kuligusa swali hilo. Wazazi wako mbali, wanapigania usafi wa televisheni, na mtoto yuko peke yake na swali zito kuliko yote. Kichekesho hicho kinauma kwa sababu ni cha kweli.

Mwaka 1999 Parker na Stone waliirudia hoja hiyo katika filamu nzima, South Park: Bigger, Longer & Uncut, na kuivika nyimbo za kiigizo cha muziki wa Broadway; mmojawapo, wa kuilaumu Kanada, uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Watoto wanampa fedha mtu asiye na makazi ili awanunulie tiketi za filamu ya Terrance na Phillip, kwa kuwa umri wao hauwaruhusu kuingia. Wanatoka wakitukana kama mabaharia. Akina mama, badala ya kukaa na watoto wao, wanaitupia lawama nchi jirani, na lawama inaishia kwenye vita. Kichwani mwa Cartman kinapandikizwa kidude kinachomrusha kwa umeme kila atukanapo, kejeli ya wazi juu ya kile kifaa kilichoamriwa na sheria ya 1996. Na mwisho wa yote ni matusi ya Cartman, yaliyogeuka umeme, yanayouokoa ulimwengu.

Hoja ya filamu ni kwamba kumlaumu mchoraji ni rahisi kuliko kulea. Hoja hiyo ni sahihi na haina budi kukubaliwa. Lakini filamu imekiri jambo jingine, huenda bila kukusudia. Mtoto wa kwanza kufa ndani yake ni Kenny, naye anakufa kwa sababu ameuiga mzaha wa kuwasha ushuzi kwa moto alioutazama sinemani. Watunzi walimfanya mtoto afe kwa kuiga ili kuwacheka wale wanaodai kwamba watoto huiga. Mzaha huo unachekesha kwa mtu anayejua kwamba siku hizo Kenny alikuwa akifa karibu kila wiki na kurudi mzima. Hata hivyo hadithi yenyewe isingeweza kuanza kama watoto wasingeiga. Waliingia, wakatoka wamebadilika. Ili kuwakebehi akina mama, filamu ilibidi kwanza iwape haki katika lile walilokuwa wakilia nalo.

Utetezi wa pili hutoka kwa wapenzi wa fasihi, nao unastahili kusikilizwa zaidi. Husema kwamba watoto wamelelewa siku zote kwa kazi za watu wazima, na chafu zilikuwamo. Gulliver wa Jonathan Swift, katika kitabu cha mwaka 1726, anauzima moto wa jumba la malkia wa Lilliput kwa mkojo wake. Na kitabu hicho, kwa sababu tu kina watu wadogo wa kimo cha kidole, kimekuwa cha watoto duniani kote. Visa vya Alfu Lela Ulela vimejaa mambo ambayo bibi hakuyahadithia. Na Abunuwasi, mjanja anayewachekesha watoto wa pwani kwa hila zake mbele ya Harun Rashid, jina lake limetokana na Abu Nuwas wa Baghdad, mshairi wa karne ya nane na ya tisa, bingwa wa mashairi ya mvinyo na ya upujufu.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini inathibitisha kinyume cha inachoitiwa. Gulliver wa watoto si Gulliver wa Swift: wahariri waliukata mkojo, na zaidi ya mkojo waliikata safari ya mwisho, ile ya farasi wenye akili na wanadamu wanaonuka, ambamo Swift aliimwaga chuki yake yote juu ya binadamu. Visa vya Alfu Lela Ulela vilipita katika chekecheo cha wafasiri na wasimulizi. Na Abunuwasi wa barazani alisafiri karne nyingi na bahari nzima, akawaacha njiani mvinyo na mabirika yake, akafika akiwa na akili zake tu. Katika kila mfano palikuwa na mtu aliyesimama baina ya kazi na mtoto: mhariri, mfasiri, msimulizi, bibi. Mtu huyo hakuwa askari wa maadili. Alikuwa msomaji aliyejua fumbo liko wapi, akaamua lipi litangoja.

Katuni ya South Park haina mtu wa kati. Inatoka mikononi mwa watunzi wake, ambao kwa desturi hutengeneza sehemu nzima ndani ya takribani siku sita, na inaingia moja kwa moja machoni mwa yeyote mwenye skrini. Zamani saa ya usiku ilisimama mahali pa mlinzi mlangoni, ingawa alikuwa mlinzi mwenye usingizi. Leo, sehemu zaidi ya 300 zinapopatikana kwa kugusa kioo cha simu saa yoyote, na vipande vyake vikizunguka peke yake bila mwanzo wala mwisho, hata mlinzi huyo hayupo. Kipande cha hotuba ya Cartman kinaweza kufika bila ile asubuhi aliyoamka na nywele nyekundu. Ni ganda lililokwisha kumenywa kiini.

Je, basi kazi hiyo ifungiwe? La. Ni sanaa, na mahali pengine ni sanaa kubwa. Mwaka 2001 Cartman, aliyedhulumiwa na kijana mkubwa kuliko yeye, anapanga kisasi kirefu kinachomalizika kwa kumlisha adui yake nyama ya wazazi wake ndani ya bakuli la mchuzi. Aliyesoma Titus Andronicus ya Shakespeare anaijua karamu hiyo. Kutisha kwake kuna ukoo, na ukoo huo unarudi nyuma hadi kwa Warumi na Wagiriki. Lakini hakuna mwalimu anayemkabidhi Titus mtoto wa darasa la tatu kwa sababu tu jalada lina picha nzuri. Kumngojesha mtoto si kuidharau kazi. Ni kuipa heshima ya kusomwa na mtu atakayeielewa.

Kungoja huko hakupimwi kwa miaka peke yake. Alama ya miaka 17 ni ya mashine, na mashine haimjui mtoto. Wapo wa miaka 14 wanaoisikia kejeli kabla haijamaliza kutamkwa, na wapo wa miaka 40 waliomhusudu Archie Bunker. Lipo swali moja ambalo mzazi, mjomba au dada mkubwa anaweza kuliuliza baada ya kicheko, na halihitaji sheria wala kifaa: hapa anachekwa nani? Mtoto akijibu kwamba anachekwa yule mwenye nywele nyekundu, basi amebaki nje ya fumbo, na kazi hiyo haijawa yake bado. Akijibu kwamba anachekwa Cartman, ameanza kuingia. Na akiongeza kwamba pengine anachekwa pia yeye mwenyewe, kwa kuwa alicheka kabla ya kufikiri, huyo amekwisha kuwa mtazamaji ambaye Parker na Stone walimtungia.

Swali hilo lina sharti moja: lazima pawe na mtu wa kuliuliza. Hapo watetezi na walalamikaji wa katuni hizi wanakutana bila kujuana. South Park ililia tangu mwaka wake wa kwanza kwamba Stan alizunguka mji mzima akitafuta mtu mzima wa kumjibu asimpate. Kilio hicho ni cha haki. Lakini mtoto anayekaa peke yake usiku mbele ya Cartman yuko katika hali ile ile ya Stan, naye swali lake hata halijui, kwa sababu anacheka. Asubuhi atakwenda skuli, na uwanjani atamkuta mwenzake mwenye nywele nyekundu, ambaye hakutunga katuni yoyote na pengine hakuwahi kuitazama.